Safari ya Kinyumenyume: Watafiti wa Figo Dar es Salaam, 1897 hadi Leo

Mwaka 1897 Robert Koch alishuka katika bandari ya Dar es Salaam. Alikuwa ametoka India kuchunguza tauni, na jina lake lilikwisha kuvuma tangu 1882 alipotangaza kumgundua bakteria wa kifua kikuu. Katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki alikuta homa iliyowatisha Wazungu kuliko malaria ya kawaida. Mgonjwa alishikwa na homa kali, macho yakageuka manjano, kisha akakojoa mkojo mweusi mfano wa kahawa iliyokolea. Kwa wengine mkojo ulipungua siku baada ya siku, hata ukakatika. Ukishakatika, wauguzi walijua hakuna la kufanya tena.

Siku hizi tunafahamu kinachotokea. Chembe nyekundu za damu hupasuka kwa wingi na kwa ghafla ndani ya mishipa, rangi yake hufurika kwenye figo, na figo zikielemewa huacha kutengeneza mkojo. Koch hakuwa na maarifa hayo. Alikuwa na darubini, na alikuwa na tabia ya kumhoji mgonjwa: umekunywa dawa gani, na lini? Akabaini kwamba wengi walikuwa wamemeza kwinini muda mfupi kabla mkojo haujabadilika rangi, na baadhi yao hawakuonekana na vimelea vya malaria katika damu. Mwaka 1898 akachapisha Berlin taarifa za safari zake, akishikilia kwamba homa ya mkojo mweusi ni sumu ya kwinini. Madaktari wenzake walimbishia kwa miaka mingi. Sayansi ya baadaye ilimpa nusu ya haki: malaria ndiyo inayoandaa uwanja, lakini kwinini iliyotumiwa bila mpangilio, tena kwa mtu aliyezaliwa na chembe za damu zenye upungufu fulani, ilikuwa na mchango wake.

Koch alianza na mtu anayekufa. Hakuwa na pengine pa kuanzia, kwa sababu figo hazilalamiki. Mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa figo zake huku anauza duka, anacheza bao na kulala vizuri. Kwa hiyo historia ya utafiti wa figo Dar es Salaam imekwenda kinyumenyume. Ilianzia kitandani kwa mahututi, ikarudi kwa mgonjwa anayehudhuria kliniki, ikarudi tena kwa mtu wa mtaani anayejiona mzima, ikamfuata hadi kijijini kabla hajaja mjini, na mwisho ikaishia tumboni mwa mama. Kila hatua ya kurudi nyuma ilichukua miongo.

Jiji lililogawanywa

Dar es Salaam aliyoikuta Koch ilikuwa ikigawanywa kwa rangi. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka huohuo wa 1897, ilitazama bahari na kuwahudumia Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali yao, iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897. Baadaye Waingereza waliukaza mgawanyo huo: Uzunguni pwani, Uhindini katikati, na Kariakoo ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja kwa ajili ya Waafrika. Ilala ikaongezeka magharibi ya Kariakoo.

Mgawanyo huo uliamua pia nani ataingia katika maandishi ya kitabibu. Homa ya mkojo mweusi ilijulikana kama ugonjwa wa Wazungu kwa sababu Wazungu ndio waliochunguzwa kwa makini. Mpagazi aliyekatikiwa mkojo akafia chumbani kwake hakuandikwa popote.

Na pale Mwafrika alipochunguzwa, alipimwa kijijini. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini, Kenya, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya shinikizo la damu vya watu 1,000. Kwa Waingereza wa wakati ule shinikizo lilipanda kadiri umri ulivyosogea. Kwa watu aliowapima Donnison halikupanda, na baada ya miaka 40 lilielekea kushuka. Akaongeza kwamba katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake kwa miaka miwili, hakukutana na mwenye shinikizo la juu, wala hakugundua hata mmoja mwenye ugonjwa sugu wa figo wa aina ile iliyowasumbua Wazungu. Ikaanza kuaminika kwamba Mwafrika ana kinga ya presha. Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka huohuo wa 1929 na kisha akafundisha Mulago, Kampala, alishuhudia imani hiyo ikibomoka mbele ya macho yake: mwishoni mwa miaka yake ya kazi, wodi zilizokuwa hazina presha zilikuwa nayo. Kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu maradhi yasiyoambukiza barani Afrika kilikuwa onyo lililotangulia wakati wake.

Katika miaka hiyo ya 1960 figo ziliangaliwa pia kwa mlango mwingine, wa kichocho. D. M. Forsyth na wenzake waliwapiga picha za eksirei wanafunzi wa shule, miongoni mwao wa Donge, Unguja, wakakuta watoto wanaokimbia na kucheza huku mirija inayoshusha mkojo imebanwa na figo zimevimba. Lilikuwa funzo la mapema: figo inaweza kuharibika kwa mtoto ambaye hajawahi kulalamika. Lakini kichocho kilikuwa cha mashamba na mito. Mjini kulikuwa kunapikwa jambo jingine.

Kliniki ya sukari

Mwaka 1956 Hospitali ya Princess Margaret ilifunguliwa Upanga, ikachukua nafasi ya hospitali ya zamani ya Sewa Haji. Jina la mfanyabiashara yule limebaki katika wodi ya Sewahaji hadi leo, na hospitali yenyewe tunaiita Muhimbili. Shule ya udaktari ilianza hapo mwaka 1963 na kuwa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968. Jiji nalo lilikuwa likifurika: sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090, na ile ya 1988 watu 1,360,850.

Donald McLarty, daktari bingwa aliyetokea Glasgow, alifanya kazi Muhimbili katika kipindi hicho. Pamoja na Andrew Swai na wenzao walifanya jambo linaloonekana dogo: kuanzia Juni 1981 kila mgonjwa mpya wa kisukari aliyeletwa kliniki aliandikishwa, akafuatiliwa, na akifa waliuliza kafaje. Mwaka 1990 jarida la BMJ lilichapisha hesabu ya wagonjwa 1,250 walioandikishwa hadi 1987. Wengi kati ya waliokufa wakiwa wanategemea insulini walikufa kwa damu kujaa asidi au kwa maambukizo. Kati ya wale wasiohitaji insulini walikuwemo waliouawa na moyo na figo.

Kwa hiyo figo ziliingia katika maandishi ya Muhimbili kupitia sukari. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu vichujio vidogo vya figo, kwanza kwa kuvipanua kupita kiasi, kisha kwa kuvikausha makovu. Lakini hilo linahitaji muda, na huko ndiko kulikokuwa na ukweli mchungu wa miaka ya 1980: mgonjwa wa Dar es Salaam aliyetegemea insulini mara nyingi hakuishi muda wa kutosha figo zake kufa. Uchumi ulikuwa umeyumba, maduka yalikuwa matupu, na insulini ilikuwa ikipatikana leo, kesho haipo.

Mwaka 1992 Chale, Swai, Mujinja na McLarty waliandika katika BMJ makala yenye kichwa kinachouliza kama ni lazima kisukari kiwe ugonjwa wa kifo Afrika. Walifanya hesabu za duka: mwaka 1989/90 mgonjwa anayetumia insulini aligharimu wastani wa dola 287 kwa mwaka, asiyeitumia dola 103. Katika nchi ambayo bajeti ya afya kwa kila mtu ilikuwa dola chache mno, makala ile ilikuwa ya kitabibu na ya kisiasa kwa pamoja. Swai aliendelea na kazi hiyo nje ya kliniki kwa miaka mingi, akiongoza Chama cha Kisukari Tanzania.

Wakati huohuo mtafiti mwingine alikuwa akivuka mpaka wa zamani wa rangi kutoka upande wa pili. Kaushik Ramaiya wa Hospitali ya Hindu Mandal, katikati ya jiji, aliwapima Wahindu wa Dar es Salaam. Makala aliyochapisha na Swai, McLarty, Bhopal na Alberti mwaka 1991 ilitenganisha jamii ndogo saba za Kihindu, na tofauti zikajitokeza kati ya jamii na jamii, ingawa wote waliishi mitaa ileile. Fundisho lake lilikuwa kwamba kusema "Wahindi wana sukari" ni kusema nusu ya jambo. Chakula, kazi, uzito na ukoo vyote vina neno.

Ulinganisho wa pili ulitoka vijijini. Mwaka 1989 Lancet lilichapisha matokeo ya McLarty, Swai, Henry Kitange na wenzao kutoka vijiji sita vya Tanzania: waliokuwa na kisukari walikuwa asilimia 0.87 tu. Kama kijijini ni chini ya mmoja kwa mia, mjini ni wangapi? Kliniki haikuweza kujibu. Kliniki humwona anayekuja. Ilibidi watafiti wawaendee wasiokuja.

Hodi Ilala

Mwaka 1992 Wizara ya Afya, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle na kwa fedha za Uingereza, ilianzisha mradi wa kuchunguza maradhi na vifo vya watu wazima, uliojulikana kwa kifupi AMMP. Ulichagua maeneo matatu: mitaa ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai na Morogoro Vijijini. Wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba kuandika nani yupo na nani hayupo tena. Palipotokea msiba, mhudumu wa afya alirudi baada ya muda wa maombolezo, akaketi na wafiwa na kuuliza jinsi marehemu alivyougua: alivimba miguu? alipooza upande? mkojo ulikuwaje? Majibu yalikwenda kwa madaktari waliokadiria sababu ya kifo.

Hesabu ya kwanza, iliyoongozwa na Kitange na kuchapishwa na BMJ mwaka 1996, ilishtua. Kijana wa kiume wa Dar es Salaam aliyefikisha miaka 15 alikuwa na uwezekano wa asilimia 47 wa kufa kabla ya kufikisha miaka 60. Wa kike asilimia 45. Hai ilikuwa asilimia 37 na 26. UKIMWI ulikuwa umeshika kasi, na ulichukua sehemu kubwa ya vifo hivyo. Lakini nyuma ya UKIMWI palikuwa na muuaji mwingine ambaye hakuna aliyekuwa akimhesabu.

Kiharusi ndicho kilichomfichua. Mwaka 2000 Richard Walker, McLarty na wenzao walichapisha viwango vya vifo vya kiharusi kwa watu wa miaka 15 hadi 64. Dar es Salaam walikufa wanaume 65 na wanawake 88 katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Hai walikuwa 44 na 33, Morogoro 35 na 27. Uingereza na Wales, mwaka 1993, walikuwa takriban 11 na 9. Mwanamke wa Dar es Salaam wa umri wa kufanya kazi alikuwa anakufa kwa kiharusi mara nyingi zaidi kuliko mwenzake wa Uingereza, nchi iliyodhaniwa kuwa ndiyo yenye maradhi ya presha.

Kwa historia ya figo, takwimu hii inafungua macho. Presha ndiyo inayopasua au kuziba mishipa ya ubongo, na ni hiyohiyo inayobana mishipa ya figo. Ikiachwa bila dawa, hushambulia kote kuwili. Mtu anayeanguka ghafla mbele ya duka lake Mtaa wa Kongo akiwa na miaka 48 huandikwa kiharusi. Hali ya figo zake huzikwa naye. Sehemu ya sababu figo zilionekana si tatizo Dar es Salaam ni kwamba presha iliua kwa njia ya mkato.

Jibu la swali la mjini lilitoka Ilala. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walibisha hodi katika mtaa wa kipato cha kati wa Ilala, wakapima watu wazima 770. Shari, kijiji cha Hai, wakapima 928. Terry Aspray na wenzake walitoa matokeo ya sukari mwaka 2000: Ilala asilimia 5.9 ya wanaume na 5.7 ya wanawake walikuwa na kisukari, Shari asilimia 1.7 na 1.1. Richard Edwards na wenzake walitoa ya presha: Ilala asilimia 37.3 ya wanaume na 39.1 ya wanawake, Shari 26.3 na 27.4.

Halafu kuna sentensi moja katika makala ya Edwards ambayo ingestahili kubandikwa ukutani katika kila zahanati. Kati ya wenye presha, chini kidogo ya asilimia 20 walijua kwamba wanayo. Karibu asilimia 10 walikuwa wakitumia dawa. Waliokuwa na presha iliyodhibitiwa kweli hawakufika asilimia moja.

Matokeo ya Ilala yalipatikana umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Soko la Kariakoo, katika jiji lenye hospitali kubwa kuliko zote nchini. Pascal Bovet na wenzake walikwenda mbele zaidi: kati ya 1998 na 1999 walipima watu 9,254 wa miaka 25 hadi 64 jijini, wakawashauri waliokutwa na presha ya juu wahudhurie matibabu, kisha wakawafuatilia. Baada ya mwaka mmoja ni takriban theluthi tu waliokuwa wamekwenda kwa mtoa huduma walau mara moja. Waliokwenda mara tano au zaidi walihesabika kwa vidole. Kwa nini mtu apange foleni kutwa nzima, afunge biashara na anunue dawa kwa ajili ya kitu kisichomuuma? Mfanyabiashara wa Kariakoo hupima faida kabla ya kutoa mtaji, na presha haimwonyeshi hasara yake mpaka imekwisha kumfilisi.

Kumfuata mhamiaji

Swali lililobaki lilikuwa la sababu. Je, mji wenyewe ndio unaoleta maradhi, au wanaohamia mjini huja nayo? Kenya ilikuwa imeshajibu kwa sehemu. Neil Poulter, Muita Mugambi na wenzao waliwafuatilia Waluo waliotoka kijijini kwenda Nairobi, na mwaka 1990 wakaonyesha katika BMJ kwamba presha huanza kupanda mapema, ndani ya miezi michache ya kuwasili, huku chumvi katika mkojo ikiongezeka na potasiamu ikipungua ukilinganisha na waliobaki nyumbani.

Tanzania ikafanya lililo gumu zaidi: kumpata mhamiaji kabla hajapanda basi. Nigel Unwin na wenzake wa Tanzania waliwasajili watu wa Morogoro Vijijini waliokuwa na nia ya kuhamia Dar es Salaam, wakawapima, kisha wakawatafuta tena jijini. Makala yao ya mwaka 2010 inaeleza habari za wahamiaji 209. Kijijini karibu wanaume wanane kati ya kumi walifanya kazi za sulubu. Baada ya mwaka mmoja mjini walikuwa kama mmoja kati ya wanne. Uzito uliongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo mbili, kwa wanaume na kwa wanawake. Walikula nyama nyekundu zaidi, lakini pia walikula matunda na mboga zaidi. Mji haukuwa sumu tupu. Ulikuwa umebadilisha mizani: jembe limewekwa chini, na sahani imejaa.

Mkojo wa usiku

Wakati wenzao wakihesabu mitaani, Janet Lutale aliirudisha darubini kwenye figo zenyewe. Akiwa Muhimbili, kwa ushirikiano na Hrafnkell Thordarson na Kåre Vetvik wa Bergen na Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, alitafuta dalili ya mapema kuliko zote zilizokuwa zikipimika: kiasi kidogo sana cha albumini katika mkojo uliokusanywa usiku. Figo nzima huizuia protini hiyo isitoke. Vichujio vikianza kulegea, huvuja kidogo kidogo, kwa kiwango ambacho kipimo cha kawaida cha kijiti hakikioni, miaka kadhaa kabla mgonjwa hajavimba.

Makala ya mwaka 2007 ilihusu wagonjwa 244 wa kisukari. Kati ya 91 wa aina ya kwanza, asilimia 12 walikuwa wameanza kuvuja na mmoja tu alikuwa amefikia uvujaji mkubwa. Kati ya 153 wa aina ya pili, asilimia 9.8 walikuwa wameanza na asilimia 7.2 walikwisha kuvuka. Tofauti ile ina maana. Kisukari cha aina ya pili hukaa mwilini miaka mingi kabla ya kugunduliwa, kwa hiyo mgonjwa anapofika kliniki kwa mara ya kwanza figo zake huenda zimeshapita hatua ya kuokolewa kirahisi.

Abbas na Lutale walichunguza pia kinachotokea kwenye miguu ya wagonjwa haohao. Sukari inapoua mishipa ya fahamu, mguu haupati taarifa. Mwaka 2005, pamoja na Lennox Archibald, waliandika kuhusu wagonjwa wa Tanzania walioumwa na panya miguuni usiku bila kuhisi, wakaamka na vidonda. Mguu na figo ni habari moja: viungo viwili vinavyoharibika bila mwenye navyo kupata habari.

Dunia nayo ilikuwa ikibadili hesabu. Mwaka 2002 wataalamu wa Marekani walipendekeza ugonjwa sugu wa figo ugawanywe katika hatua tano, kwa kutumia kipimo cha damu na cha mkojo. Kuanzia hapo mtu aliyejiona mzima aliweza kuambiwa yuko hatua ya pili au ya tatu. Watafiti wa Muhimbili waliitumia lugha hiyo mpya kwa watoto pia: mwaka 2016 Francis Fredrick Furia, Paschal Ruggajo na wenzao walichapisha habari za watoto wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliohudhuria Muhimbili, na takriban mmoja kati ya watano alikuwa akivuja albumini.

Kaskazini, mwaka 2015, John Stanifer na timu iliyoshirikiana na hospitali ya KCMC walichapisha vipimo vya watu wazima 481 wa Kilimanjaro. Asilimia 7 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo: mjini asilimia 15.2, kijijini asilimia 2. Mji tena. Lakini jambo lililowakuna vichwa ni kwamba karibu nusu ya waliokutwa na ugonjwa hawakuwa na kisukari, wala presha, wala virusi vya UKIMWI. Njia yote iliyokuwa imejengwa tangu 1981, ya kuzifuata figo kupitia sukari na presha, ilieleza nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ilitoka wapi?

Figo huanza lini?

Dhana moja ilikuwepo tangu 1988, alipoipendekeza Barry Brenner na wenzake wa Boston. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja kwa wastani, lakini watu hutofautiana sana: wapo wenye laki chache tu, wapo wenye milioni mbili. Vichujio hivyo hutengenezwa tumboni mwa mama na ujenzi wake hufungwa karibu na wiki ya 36 ya ujauzito. Baada ya hapo hakiongezeki hata kimoja. Anayezaliwa na vichache huvitumikisha zaidi, shinikizo ndani yake hupanda, na kimoja kikifa mzigo huangukia vilivyobaki.

Kuthibitisha hilo kunahitaji kumbukumbu ambazo Tanzania haikuwa nazo: uzito wa kila mtoto wakati wa kuzaliwa, ukiunganishwa na hali ya figo zake miaka thelathini au arobaini baadaye. Norway ilikuwa nazo. Imesajili uzazi wote tangu 1967, na wagonjwa wa figo tangu 1980, na kila raia ana namba moja inayounganisha daftari hizo. Mwaka 2008 Bjørn Egil Vikse na wenzake walitumia rekodi za watoto zaidi ya milioni mbili, wakaonyesha kwamba waliozaliwa na uzito mdogo walikuwa na hatari zaidi ya figo kushindwa kabisa.

Ruggajo, daktari wa figo wa Muhimbili, alikwenda Bergen kuendeleza hoja hiyo. Mashaka yaliyobaki yalikuwa ya kifamilia: huenda uzito mdogo na ugonjwa wa figo vyote vinatoka katika ukoo mmoja, na tumbo la mama linasingiziwa. Njia ya kujua ni kuwaangalia ndugu. Katika makala ya mwaka 2016 iliyochapishwa na jarida la Marekani la magonjwa ya figo, Ruggajo, Vikse na wenzao walichunguza watu zaidi ya milioni 1.8 pamoja na ndugu zao. Uzito mdogo wa kuzaliwa uliendelea kuhusishwa na figo kushindwa kabla ya miaka 40, na mambo ya kifamilia hayakutosha kueleza uhusiano huo. Makala zake nyingine zilifuata suala hilohilo kwa wagonjwa wa aina moja ya uvimbe wa vichujio vya figo.

Kwa hiyo Mtanzania alitumia daftari za Wanorwei kuuliza swali ambalo kwao ni dogo na kwetu ni kubwa. Norway ina watoto wachache wenye uzito chini ya gramu 2,500. Dar es Salaam ina sababu nyingi za kuwapata: mama mwenye upungufu wa damu, mama mwenye presha ya ujauzito, mama aliyeugua malaria akiwa mjamzito. Vidonge vya SP vya kukinga malaria anavyomezeshwa kliniki, pamoja na chandarua chenye dawa, vinalinda kondo la nyuma. Kwa hoja ya Ruggajo, vinalinda pia figo za mtu atakayetimiza miaka 40 katika miaka ya 2060.

Mashine na daftari

Mwezi Novemba 2017 Muhimbili ilifanya upandikizaji wa figo wa kwanza nchini, kwa msaada wa madaktari wa Hospitali ya BLK ya New Delhi. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilifuata kwa msaada wa Wajapani wa Tokushukai. Kabla ya hapo aliyehitaji figo alipelekwa nje, hasa India, kwa fedha za serikali au kwa michango ya ukoo. Huduma ya kusafisha damu nayo ikapanuka katika hospitali za umma na za binafsi. Yalikuwa mafanikio makubwa, na yalistahili kushangiliwa.

Lakini tukiyaweka kwenye mstari wa historia hii, yanaanguka mwisho wake, pale mkojo unapokatika. Mashine humhitaji mgonjwa mara mbili au tatu kwa wiki, maisha yake yote. Utafiti wa nchi yenyewe ulikuwa umekwisha kuonyesha mahali pa bei nafuu zaidi pa kusimama. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wazima wana kisukari na takriban asilimia 26 wana presha. Hao ndio watakaojaza vitanda vya kusafishia damu, na wengi wao wako sokoni, dukani na kwenye daladala, bado wazima.

Mashine ya kupima presha na kijiti cha kupima mkojo havigharimu hata sehemu ndogo ya gharama ya kusafisha damu. Kinachopungua ni utaratibu wa kumwandikisha mtu, kumwita tena, na kuuliza kwa nini hakuja. Ndicho walichofanya McLarty na Swai tangu 1981, ndicho walichofanya wahesabuji wa AMMP hadi mradi ulipofungwa mwaka 2004. Matokeo makubwa ya utafiti wa Dar es Salaam yalitoka kwenye daftari lililotunzwa vizuri kuliko yalivyotoka kwenye kifaa chochote cha bei kubwa.

Na daftari linalokosekana zaidi sasa ni la wodi ya wazazi. Uzito wa mtoto anayezaliwa katika hospitali za Amana, Temeke au Mwananyamala hupimwa na kuandikwa kwenye kadi ya kliniki, ambayo mama huenda nayo nyumbani, na mara nyingi hupotea mtoto akishaanza shule. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Norway, yenye idadi ya watu inayokaribiana na hiyo, ilianza kusajili mwaka 1967 na ikavuna jibu lake baada ya miaka arobaini. Kama Dar es Salaam itaunganisha kadi ya kliniki na namba ya utambulisho ya mtu, watafiti wa Muhimbili wa kizazi kijacho wataweza kuuliza maswali yao kwa rekodi za watu wao wenyewe. Isipofanya hivyo, daktari wa figo wa mwaka 2065 akitaka kujua mgonjwa wake alizaliwa na uzito gani, itambidi ampigie simu mama yake na kuomba Mungu awe hai, na awe anakumbuka.